Ngazi, mirunda, chuma au mnara wa magurudumu: fundi umeme apande nini?

Kwenye saiti nyingi, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi, fundi umeme ni mgeni juu ya jukwaa. Jukwaa limejengwa na waashi kwa kazi ya waashi: kupanga tofali, kumwaga linta, kupiga plasta. Wakimaliza ukuta wao, mbao mbili tatu huhamishiwa upande wa pili, mrunda mmoja unang'olewa ukashikilie slabu, kamba zinafunguliwa. Hapo ndipo fundi umeme anapofika na paipu zake, rola za waya na dreli, akapanda kitu ambacho hakukijenga, hakukikagua, na ambacho tayari kimeanza kuvunjwa. Ninaamini kuanguka kwingi kwa mafundi wa umeme kunaanzia hapo, kabla hata mguu haujateleza.

Kwa hiyo fundi umeme mwenyewe ndiye anayepaswa kuamua apande nini, kwa kutazama kazi yake, badala ya kupokea chochote kilichobaki. Makala hii inalinganisha njia nne ambazo fundi, mkandarasi mdogo au mwenye nyumba anaweza kuzipata bila kuhangaika sana: ngazi, jukwaa la mirunda, jukwaa la chuma, na mnara wa magurudumu. Magari yenye kikapu cha kunyanyulia nayaacha, kwa sababu anayeweza kuyakodi kwa kawaida hana shida ya kuchagua. Ndoo ya rangi, pipa, meza na kizingiti cha dirisha sivihesabu kabisa. Havifai kusimamiwa na mtu mwenye waya mkononi, hata kwa dakika moja.

Urefu ninaouzungumzia ni wa kawaida, kuanzia mita 2 hadi 8 hivi. Usiudharau. Mtu akianguka kutoka mita 3 anafika chini kabla sekunde moja haijaisha, akiwa na mwendo wa takribani kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 5 mwendo unafika kilomita 35 hivi. Anayetua kwa miguu huweza kuvunja mfupa wa kisigino, na nguvu ileile ikapanda mpaka ikabonyeza pingili za uti wa mgongo; ndiyo maana daktari mzuri akiona kisigino kimevunjika hukagua na mgongo. Anayejikinga kwa mikono huvunja kifundo cha mkono, na fundi umeme bila kifundo cha mkono imara hawezi kubana hata skrubu. Anayetangulia kichwa, tunajua.

Vigezo vya kulinganisha

Urefu peke yake hautoshi kuamua. Mwashi na fundi umeme wanaweza kusimama mahali palepale, kwa urefu uleule, na bado hatari zao zikatofautiana. Nimechagua vigezo vitano, na kila njia nitaipima kwa hivyo hivyo.

Cha kwanza ni nguvu ya pembeni. Kazi ya umeme ina kuvuta, kusukuma na kukaza. Waya uliokwama ndani ya kondiuti (paipu ya kupitishia waya) unavutwa kwa uzito wote wa mwili, kisha unaachia ghafla. Dreli ya nyundo inapotoboa slabu na ncha yake ikanasa kwenye nondo, mashine yenyewe ndiyo inayomzungusha aliyeishika. Mikono yote miwili ina kazi, na hakuna mkono wa tatu wa kujishikilia.

Cha pili ni umeme wenyewe. Mshtuko mdogo ambao ukiwa chini ungekufanya upige yowe tu, juu ya ngazi unatosha kukuangusha. Breka ya RCD ya miliampia 30, ile inayokata umeme unapovuja, hukata haraka na huokoa moyo, lakini kabla haijakata mwili umeshashtuka. Yaani inakukinga na kifo cha umeme, haikukingi na kuanguka. Tena kinachokubeba kinaweza chenyewe kupitisha umeme.

Cha tatu ni ukingo na njia ya kupanda: je, kuna reli ya kukuzuia usitoke pembeni, na unafikaje juu ukiwa na vifaa? Cha nne ni muda na mwendo. Fundi umeme hakai mahali pamoja. Ana pointi nyingi, kila moja dakika chache, kisha anahama, na haraka hiyo ya kuhamahama ndiyo inayomshawishi achukue njia ya mkato. Cha tano ni umiliki na gharama: nani amekijenga, nani anakikagua, nani analipa.

Ngazi

*Nguvu ya pembeni.* Hapa ngazi ni dhaifu kuliko zote. Imesimama kwenye miguu myembamba, na wewe uko juu ya kitu kisicho na mgongo. Kanuni inayosaidia ni hii: kitovu chako kibaki kati ya nguzo mbili za ngazi. Kikitoka nje ili mkono ufikie boksi lililo mbali kidogo, shuka uihamishe. Kuvuta waya uliokwama ukiwa juu ya ngazi ni kosa ambalo nimeliona likifanywa na mafundi wazuri sana, na hakuna uzoefu unaozuia mwili kurudi nyuma waya ukiachia. Mvutaji abaki chini. Aliye juu aongoze waya tu.

*Umeme.* Ngazi ya alumini ni nyepesi, haiozi, na inapitisha umeme vizuri mno. Karibu na saketi ambazo zinaweza kuwa na moto, yaani umeme unaopita, isiwepo. Ya faiba ni ghali na nzito kidogo, lakini ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hii. Ya mbao kavu inakubalika, ila ikilowa haina tofauti kubwa na chuma. Na usinunue ngazi ya mbao iliyopakwa rangi, kwa sababu rangi huficha nyufa.

*Ukingo na kupanda.* Ukingo hakuna. Ngazi ya kuegemeza iwekwe hivi: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu utoke ukutani mita 1. Ikiwa unapandia kufika slabu ya juu, ipite ukingo wa slabu kwa karibu mita 1 ili upate cha kushika, na ifungwe juu. Ngazi inayofunguka kama herufi A isiegemezwe ukutani ikiwa imefungwa, na kipandio chake cha mwisho juu si cha kukanyagwa. Zile za kugongwa saitini kwa vipande vya mbao zina ugonjwa mmoja: vipandio vimepigiliwa misumari kwa mbele tu, bila kuchimbiwa nafasi, hivyo uzito wote unabebwa na misumari.

*Muda na mwendo.* Kwa kuhama haraka hakuna kinachoishinda. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, inaielekeza ngazi kwa kazi nyepesi zisizozidi dakika 30 mahali pamoja. Naona ni kipimo chenye busara, na ndani yake zinaingia kazi nyingi: kubadili taa, kufungua kifuniko cha boksi, kuangalia muunganiko.

*Umiliki na gharama.* Hili ndilo jema lake kubwa: ngazi ni yako. Unajua ilivyotunzwa, unajua kipandio kipi kinalegea, na hakuna mtu atakayeing'oa mbao usiku.

Inamfaa fundi wa matengenezo ya majumbani na maofisini, penye sakafu ngumu na iliyo sawa, kwa kazi ya mkono mmoja na ya muda mfupi. Feni ya dari ni mpaka: ni nzito na inataka mikono miwili. Kama lazima itumike ngazi, ziwe mbili na mafundi wawili.

Jukwaa la mirunda

Hili ndilo wengi wetu tunalokutana nalo, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

*Nguvu ya pembeni.* Jukwaa la mirunda likijengwa kwa moyo linasimama. Nguzo zenye kina ardhini au zilizokalishwa juu ya ubao mpana, mirunda ya mshazari kila upande, na mafungo yanayopita kwenye nafasi za madirisha na kushika ukuta kwa ndani: hapo unaweza kuvuta waya bila wasiwasi. Tatizo ni kwamba mshazari ndio wa kwanza kuondolewa na wa mwisho kuwekwa. Lisukume kwa mkono kabla ya kupanda. Likicheza, usipande.

Shida nyingine ni nguvu yenyewe ya mti. Mkaratusi mmoja si sawa na mwingine. Huu ni mbichi, ule umekaa mvua mbili, huu umeliwa na mchwa kwa ndani na nje unaonekana mzima. Chuma kina kipimo kilichopigwa kiwandani, mrunda hauna. Angalia pia maungio. Mrunda wa kulala ukikalia kipande cha mti kilichopigiliwa chini yake, uzito unapita kwenye mti. Ukishikwa na misumari miwili tu, uzito wote uko kwenye misumari, na misumari huchomoka polepole kila mtu anapopanda na kushuka. Jukwaa lililobeba waashi wiki nzima linaweza kumwangusha mtu mmoja mwepesi siku ya nane.

*Umeme.* Mti mkavu una nafuu. Wakati wa masika, mirunda iliyoloa na kupakwa matope ya saruji haikukingi na chochote, na ekstensheni iliyochubuka ikipita juu ya mbao zilizolowa ni hatari ileile ya chuma. Mara nyingi nyaya za saiti huzungushiwa kwenye misumari ya jukwaa. Ziondoe hapo kabla ya jambo jingine lolote.

*Ukingo na kupanda.* Hapa ndipo jukwaa la mirunda hushindwa zaidi, na si kwa sababu ya mti, ni kwa mazoea. Ukuta uko mbele, nyuma kuko wazi. Mwashi hutazama ukuta muda wote. Fundi umeme hurudi nyuma hatua moja aone kama boksi limenyooka. Mrunda mmoja wa kulala kwa urefu wa karibu mita 1, na mwingine katikati yake, hugharimu misumari michache tu. Dai uwekwe.

Mbao za kukanyagia zitazame kwa makini. Upana usipungue sentimita 60, mbao tatu zilizobanana. Ubao wa unene wa milimita 38 unataka egemeo kila mita 1.5; ule mwembamba wa inchi moja uliotoka kwenye bodi za linta hautoshi. Ncha ya ubao ipite egemeo lake kwa sentimita 15 hadi 30. Ikipungua, ubao unachomoka ukitikisika. Ikizidi sana, ukikanyaga ncha upande wa pili unanyanyuka na ubao wote unakwenda nawe. Zifungwe. Kupanda kwa kukwea maungio, mkono mmoja ukiwa na dreli, ni jambo la kawaida saitini na ni baya. Iwepo ngazi iliyofungwa, na vifaa vipandishwe kwa kamba na ndoo.

*Muda na mwendo.* Likiwa limezunguka jengo, linakupeleka pointi hadi pointi bila kushuka. Kwa kutindua kuta ndefu na kulaza kondiuti linafaa kweli. Ndani ya chumba kimoja kimoja ni usumbufu, na usumbufu huo huzaa jukwaa la nusu: mbao mbili juu ya mafungu ya tofali.

*Umiliki na gharama.* Ni rahisi, hupatikana popote, na kila kijiji kina mtu wa kulijenga. Lakini si lako. Makubaliano ya mdomo na msimamizi yanasaidia: waashi wasivunje kitu upande ambao fundi umeme hajamaliza, na akirudi kesho asubuhi alikague kana kwamba ni jipya, kwa sababu huenda ni jipya.

Linamfaa fundi anayefanya kazi sambamba na waashi kwenye nyumba ya chini au ghorofa moja, mwenye neno mbele ya msimamizi. Asiye na neno hilo, aliyeitwa kwa simu jana aje amalize haraka, ndiye anayeumia juu yake.

Jukwaa la chuma

*Nguvu ya pembeni.* Nzuri kuliko mirunda, ikiwa limefungwa ukutani na miguu yake imekaa kwenye bamba na ubao, si kwenye kipande cha tofali. Kanuni za Marekani zinataka jukwaa libebe mara 4 ya uzito uliokusudiwa, na urefu wake ukizidi mara 4 ya upana wa kitako, lifungwe lisipinduke. Rola za waya ni nzito. Usizirundike zote mahali pamoja.

*Umeme.* Hapa ndipo chuma kinapopoteza. Ekstensheni moja iliyochubuka ikigusa fremu, kila aliye juu yake ameguswa, na pale chini aliyekanyaga udongo mbichi akishika bomba anakamilisha njia. Tumia dreli za betri inapowezekana. Isipowezekana, RCD iwe kwenye chanzo na nyaya zining'inizwe kwenye ndoano za plastiki.

Kubwa zaidi ni laini za barabarani. Mitaa yetu mingi ina laini za volti 11,000 na 33,000 zinazopita karibu na uso wa jengo, na kadiri ghorofa linavyopanda ndivyo jukwaa linavyozisogelea. Marekani umbali wa chini kwa laini za mpaka volti 50,000 ni futi 10, yaani kama mita 3, kwa jukwaa na kwa kila kitu kilichoshikwa juu yake. Maneno hayo ya mwisho yasisahaulike: bomba la mita 6 linalosimamishwa wima, au paipu ndefu ya kondiuti iliyobebwa begani, hufika mahali ambapo jukwaa halijafika. Umeme wa volti hizo unaweza kuruka hewani kabla bomba halijagusa waya.

*Ukingo na kupanda.* Fremu zina nafasi ya reli, mbao za chuma zina ndoano, ngazi huingia ndani. Vyote vipo ghalani kwa mkodishaji. Swali ni kama vimekodiwa pamoja na fremu au vimeachwa ili bei ishuke. Mafundi umeme nao wana kosa lao hapa: kutoa bomba la mshazari ili kupitisha trei ya nyaya, na kusahau kulirudisha.

*Muda na mwendo.* Ni la kukaa. Wiki na miezi kwenye uso mmoja wa jengo, ndiyo. Pointi kumi na mbili ndani ya vyumba sita, hapana.

*Umiliki na gharama.* Linakodishwa, na bei inapanda kila wiki kazi inapochelewa. Linahitaji watu waliofundishwa kulijenga. Uingereza hukaguliwa kila siku 7 na baada ya dhoruba, Marekani kabla ya kila zamu na mtu mwenye ujuzi huo. Kwenye saiti zilizopangika utaona kadi ya kijani au nyekundu kwenye ngazi ya kupandia. Kama hakuna kadi, muulize msimamizi nani amekagua na lini. Akikosa jibu, umeshapata jibu.

Linamfaa mkandarasi wa jengo la ghorofa kadhaa, kazi ya nje ya muda mrefu, na timu ya zaidi ya fundi mmoja.

Mnara wa magurudumu

*Nguvu ya pembeni.* Wastani. Magurudumu yakifungwa breki na miguu ya pembeni ikifunguliwa, unatulia vizuri. Ukiuacha bila miguu hiyo, kuvuta waya kwa nguvu kunaweza kuupindua wote. Minara iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya hukusudiwa kufika mita 12 ndani ya jengo na mita 8 nje, kwa sababu ya upepo. Ile ya kuchomelea mtaani haina kibali cha urefu huo. Ichukulie kwa tahadhari kubwa.

*Umeme.* Mingi ni ya alumini au chuma, kwa hiyo onyo lililotolewa juu linahusu hapa pia. Kuna na ya faiba, ila ni nadra.

*Ukingo na kupanda.* Huu una faida ambayo ngazi haina: reli pande zote nne na sakafu ya kusimamia, na unapanda kwa ndani kupitia mlango wa sakafuni. Kupanda kwa nje huweza kuupindua. Na usiweke ngazi au ndoo juu ya sakafu yake ili upate nusu mita zaidi. Ongeza fremu au acha.

*Muda na mwendo.* Ulizaliwa kwa kazi kama yetu. Ukumbi wa kanisa wenye taa thelathini, msikiti, darasa, ghala: unafanya pointi, unashuka, unasukuma, unapanda. Neno "unashuka" ndilo linaloleta ugomvi. Mafundi hubaki juu na msaidizi akasukuma, gurudumu likakutana na kipande cha paipu sakafuni au tundu la bomba la maji taka lisilofunikwa, na mnara unasimama ghafla ilhali aliye juu anaendelea. Sukuma kutoka chini, mnara ukiwa mtupu, baada ya kufagia njia na kutazama juu kama kuna waya.

*Umiliki na gharama.* Kwa kampuni ndogo inayofanya kumbi na maofisi, kununua mmoja kunaweza kuwa nafuu kuliko kukodi mara kwa mara. Kwa fundi wa majumbani ni mzigo: haupiti mlangoni, na sakafu ya udongo haiuwezi.

Kuhusu mkanda

Wengi wakisikia "usalama juu" hudhani mkanda unamaliza yote, nami nataka kulisema hili polepole. Mkanda wa mwili mzima wenye kamba ya mita 1.8 hukuacha uanguke urefu wa kamba hiyo, kisha kifaa cha kupunguza kishindo hurefuka mpaka karibu mita 1.1, kisha kuna mwili wako chini ya ndoano, mita 1.5 hivi, na akiba ya mita 1. Jumla ni mita 5 na zaidi kutoka mahali ulipofungia. Ukiwa kwenye chumba cha mita 3, utafika sakafuni kabla kamba haijakaza. Katika urefu huo reli ya pembeni inakusaidia kuliko mkanda, au kamba fupi isiyokuruhusu kabisa kufika ukingoni.

Mkanda wa kiunoni pekee usitumike kuzuia anguko. Marekani uliondolewa kwa kazi hiyo tangu tarehe 1 Januari 1998, kwa kuwa hukunja mgongo na kuumiza viungo vya ndani. Usifungie kwenye kondiuti, kwenye trei ya nyaya wala kwenye mrunda. Na awepo mtu chini anayejua atakushushaje haraka: anayening'inia bila kusogea, damu hujikusanya miguuni na huweza kuzimia.

Kabla ya kupanda chochote

Zima saketi, funga swichi kwa kufuli ikiwezekana, weka bango, kisha pima. Testa ya bisibisi isiwe shahidi pekee. Jaribu kipimo chako mahali unapojua pana moto, pima unapofanyia kazi, rudi ukijaribu tena pale pa kwanza. Kazi ya juu kwenye waya wenye moto inakutanisha hatari mbili ambazo kila moja peke yake inaua.

Jingine ni la karatasi. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hulipia matibabu na fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini. Kenya kuna sheria mbili za mwaka 2007, ya usalama na afya kazini na ile ya fidia ya majeraha, WIBA. Zote hizi huanza na swali moja: wewe ni mfanyakazi wa nani? Fundi wa deiwaka asiye na hata ujumbe wa simu unaoonyesha nani alimwita na kwa kazi gani huanza safari ya madai akiwa ameshachelewa. Andikishaneni, hata kwa ujumbe mfupi.

Kwa hali yako

Ukiwa fundi wa majumbani unayefanya matengenezo peke yako, wekeza kwenye ngazi nzuri ya faiba kabla ya kununua dreli ya pili. Kazi ikipita nusu saa mahali pamoja, au ikitaka mikono miwili kwa nguvu, umeshatoka kwenye eneo la ngazi. Mwambie mwenye nyumba gharama ya jukwaa mapema, si siku ya kazi.

Ukiwa mwenye nyumba unayejenga kidogo kidogo, mirunda inakutosha. Ongeza fungu dogo la reli za pembeni na ngazi ya kupandia, na usimruhusu mtu kuvunja jukwaa mpaka fundi umeme aseme amemaliza. Ni rahisi kuliko kulijenga mara mbili.

Ukiwa na kazi ya taa na feni kwenye ukumbi wenye sakafu ya saruji, mnara wa magurudumu ndio wa kuanza nao kuufikiria. Sakafu ikiwa bado ya kifusi, subiri imwagwe, au jenga jukwaa lisilotembea.

Ukiwa mkandarasi wa umeme chini ya mkandarasi mkuu, weka jukwaa ndani ya mkataba wako: nani analitoa, nani analikagua, na kwamba muda wa kusubiri jukwaa salama hauhesabiwi kuwa ucheleweshaji wako. Bila kifungu hicho foremani atakusukuma upande kilichopo, na kijana wako mwanagenzi hatakuwa na ujasiri wa kukataa.

Ukipanda jukwaa la wengine kwa sababu hakuna jingine, lipitie kwanza kwa miguu yako ikiwa chini: nguzo, mshazari, mafungo, ncha za mbao, reli. Kinachokosekana kirudishwe na walioliweka, kabla hujapanda, na mbele yako.

Na ikiwa kazi ni ya nje, karibu na laini ya barabarani, kuchagua kati ya njia nne hizi hakusaidii kitu mpaka laini ishughulikiwe. Mwenye jengo aandike kwa TANESCO, au Kenya Power kwa walio Kenya, aombe laini izimwe kwa saa zilizopangwa au ihamishwe. Barua iende mapema, kabla jukwaa halijakodiwa. Wakati mnasubiri majibu, kazi ya ndani ipo ya kutosha: boksi, kondiuti, saketi za vyumba na bodi ya usambazaji.